Mgahawa wa mama pale karibu na stesheni Tabora: wali safi, hesabu mbovu

Nyota tatu kati ya tano. Mwaka juzi ningetoa nne na nusu bila ubishi. Jina la mgahawa silitaji maana mama mwenyewe ni mtu wa watu na bado nakula pale, ila wa Tabora mtaujua tu, ule wa upande wa kuelekea stesheni, una mwembe mkubwa mbele na siku hizi jenereta jipya linalonguruma hata siku umeme upo.

Chakula kwanza, najua wengine mnasoma hapa mna njaa na treni inakaribia. Wali ni wa mchele wa Igunga, ule unaonukia toka uko barabarani, haujawahi kuniangusha. Kuku ni wa kienyeji kweli, anachemshwa kwanza na tangawizi afu anapitishwa kwenye moto wa mkaa, nyama inaachia mfupa ila hailegei. Kisamvu kina karanga za kutwanga na kwenye karanga sisi watu wa Tabora hatutaki kufundishwa na mtu. Asubuhi kuna michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ya rangi, na ukimuomba mama vizuri anakuwekea asali badala ya sukari, asali ya miombo ile nyeusi nyeusi. Kwa hiyo kwenye mapishi sina neno, mpishi ni yule yule wa siku zote na mkono wake haujabadilika.

Tatizo ni yanayoendelea nje ya jiko. Mgahawa una sehemu mbili, ndani kuna viti vya sofa na kiyoyozi, wanakaa maofisa, wakandarasi na watu wa makampuni ya tumbaku msimu ukifika, nje kuna mabenchi chini ya mwembe, tunakaa sisi wengine, bodaboda, wabeba mizigo wa stesheni, wanafunzi wa vyuo, na mimi hapo hapo ingawa nina kazi ya maana (mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima, msicheke). Zamani ndani mnalipa zaidi na nje mnalipa kidogo, na hakuna aliyelalamika, maana aliyekaa kwenye kiyoyozi anajua umeme wa kiyoyozi unalipwa na nani.

Afu ng'ambo ya barabara akafungua kijana mmoja karudi toka Dar, taa za rangi rangi, chipsi, mziki. Mama akachukulia kama kavamiwa. Akatangaza vita kabisa, na hilo neno ni lake sio langu, "hii ni vita mwanangu, siwezi kudharauliwa kwenye mtaa niliouanzisha mimi." Akanunua tivii inchi 55, spika mbili kubwa, jenereta, sare za wahudumu, bango la kuwaka usiku. Sawa, mtu akichokozwa ana haki ya kujibu, hapo simlaumu. Ila wiki ile ile aliyoanza kununua silaha akashusha bei. Na hakushusha za nje, alishusha za ndani! Sahani ya kuku toka 8,000 mpaka 6,000. Nje tulipewa soda moja moja ya bure siku ya uzinduzi, tukapiga makofi, basi.

Nikamuuliza, mama shikamoo, nikae kidogo nikuulize kitu, unapigana na umepunguza bei kwa wenye hela, sasa hela ya vita inatoka wapi? Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mkubwa akila kwa nafuu ataleta mwenzake, mwenzake ataleta mwenzake, mauzo yatapanda mpaka pengo litajifunika lenyewe na nyie wa nje mtafaidi. Nikanyamaza maana hiyo hotuba nilishaisoma mahali, tena neno kwa neno karibu, ilitolewa Washington sio Tabora.

Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilimaliza mwaka wa fedha na ziada ya dola bilioni 236, yaani walikusanya zaidi ya walichotumia, kitu cha nadra sana kwao. Januari 2001 ofisi ya bajeti ya Bunge lao ikapiga hesabu kwamba mambo yakienda vile vile ndani ya miaka 10 ziada itafika trilioni 5.6. George W. Bush akaingia, Juni 2001 akasaini sheria ya kupunguza kodi iliyokadiriwa kugharimu trilioni 1.35 kwa muongo mmoja. Oktoba mwaka huo wakaingia vitani Afghanistan. Machi 2003 wakaivamia Iraq, na Mei mwaka ule ule, vita haijamaliza hata miezi mitatu, akasaini punguzo la pili la kodi, makadirio bilioni 350 nyingine. Mwaka wa fedha 2004 ziada ilishasahaulika, nakisi, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, ikawa bilioni 413. Tom DeLay, kigogo wa Republican, chama cha Bush, bungeni, aliwahi kusema mwaka 2003 kwamba mbele ya vita hakuna kitu muhimu kuliko kupunguza kodi, na alikuwa hatanii.

Na soda za bure zilikuwepo vilevile! 2001 walitumiwa hundi majumbani, mpaka dola 300 kwa mtu mmoja, 600 kwa wanandoa. Wakati huo huo kodi ya daraja la juu kabisa la kipato ikaanza kushuka toka asilimia 39.6 kwenda 35, punguzo la 2003 likabana kodi ya gawio la hisa isizidi 15, na kodi ya mirathi ya matajiri ikawekewa ngazi ya kushuka mpaka ikafika sifuri mwaka 2010. Walipa kodi wengi walipata kitu, ndio, ila ukipima alichopata wa ndani na alichopata wa nje utajua nani alikuwa anaimbiwa.

Turudi kwa mama. Juzi kati alinipa daftari nimsaidie hesabu maana anajua kazi yangu, nikakaa nalo pale kaunta. Daftari kubwa la kila siku liko safi, mauzo, mchele, mkaa, mishahara, unaona kama biashara inapumua. Afu chini ya droo kuna kijidaftari kidogo cha jalada la bluu, kimeandikwa DHARURA kwa peni, ndani yake ndio kuna tivii, spika, dizeli ya jenereta, bango, mkopo. Nikamuuliza mama mbona hivi viko pembeni, akasema "hivyo si matumizi ya kawaida mwanangu, hiyo ni vita, ikiisha na kijidaftari nachana." Aisee. Marekani walifanya hivyo hivyo kwa miaka, hela ya Iraq na Afghanistan ilikuwa inaombwa bungeni kwa maombi maalumu ya dharura nje ya bajeti ya kawaida, mwaka baada ya mwaka, vita ya mwaka wa tano bado inaitwa dharura. Ukiifungua bajeti yenyewe inapendeza, nakisi inaonekana itapungua muda si mrefu, kumbe gharama kubwa ya vita haimo. Sisi wahasibu hiyo kitu tunaijua jina lake na sio jina zuri.

Mama alikuwa na kijana wa kaunta, mpwa wake, ndio aliyemwambia mapema kwamba jenereta lile litakula dizeli kuliko linavyofikiriwa. Siku hizi anamenya vitunguu jikoni. Sishangai sana, maana mshauri wa uchumi wa Bush, Lawrence Lindsey, Septemba 2002 alitaja hadharani kwamba vita ya Iraq inaweza kugharimu bilioni 100 mpaka 200, wenzake wakaruka wakasema kazidisha, kufika Desemba hana kazi, na waziri wa fedha Paul O'Neill aliyekuwa na wasiwasi na punguzo la pili la kodi nae aliondolewa siku hiyo hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Bunge lao walipojumlisha hela zote zilizoidhinishwa kwa ajili ya Iraq, Afghanistan na operesheni nyingine toka 2001 wakapata trilioni 1.28. Huyo Lindsey aliyeambiwa kazidisha kumbe alipunguza.

Sasa sikilizeni hesabu ya daftari maana hapa ndio nilipochoka. Ndani wanakula kama watu 30 kwa siku, kila sahani imepungua buku mbili, siku 6 za wiki, hiyo ni 360,000 imepotea kila wiki. Mkopo alichukua milioni 4 kwa wale jamaa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, marejesho laki 2 kila wiki kwa miezi 6, jumla anarudisha milioni 5.2. Ukitoa dizeli, pengo la wiki ni 560,000. Lakini angeacha bei za ndani kama zilivyokuwa, ile 360,000 ingelipa marejesho yote na laki na 60 ingebaki. Yaani vita angeweza kupigana! Wateja wa ndani wasingekimbia, wanakuja kwa ajili ya kuku na kiyoyozi sio kwa ajili ya buku mbili, na kwenye daftari idadi yao iko pale pale 30, wale wenzao na wenzao wa wenzao hawajaonekana mpaka leo.

Na ukichukua makadirio ya yale mapunguzo mawili ya Bush, trilioni 1.35 na bilioni 350, unapata trilioni 1.7, wakati vita zote mpaka 2011 ni hiyo 1.28. Haya ni makadirio ya wakati ule, wataalamu watabishana desimali, ila picha haibadiliki. Hela ya vita ilikuwepo, waliigawa kwanza afu ndio wakaenda kuikopa. Na ahadi kwamba hela itajirudisha, mapato ya serikali yao kuu yalikuwa kama trilioni 2.03 mwaka 2000, yakashuka miaka mitatu mfululizo mpaka 1.78 mwaka 2003. Kweli kulikuwa na mdororo wa uchumi 2001 na baadae yalipanda, siwezi kudanganya, ila deni la taifa ambalo lilikuwa kama trilioni 5.7 Bush anaingia lilikuwa 10.6 anatoka Januari 2009.

Sio kwamba nachukia mikopo. Nakopesha watu mbolea kila msimu, ndio kazi ya ushirika wetu. Uchumi ukianguka serikali kukopa na kulegeza kodi kidogo ni jambo la akili, na serikali inayokopa kwa sarafu yake ina nafasi ambayo mama hana kwa wale jamaa wa kausha damu wanaokuja na pikipiki kila Jumatatu. Ninachogomba ni kuwapa punguzo waliokaa kwenye sofa siku unayotangaza vita, afu bili unaipeleka kwenye benchi.

Maana bili imetufikia. Sahani ya nje ilikuwa 2,500 sasa ni 3,000. Tunakula kama watu 90 nje, piga hesabu mwenyewe, 270,000 kwa wiki inatoka mifukoni mwetu. Hiyo haikutosha kwa hiyo wahudumu wawili wakaachishwa, akabaki binti mmoja anakimbia mbio kati ya sofa na mwembe, na akifika kwako kashakuwa mkali, simlaumu. Maji ya kunywa ya jagi yaliyokuwa bure yameondolewa, nunua chupa. Na maharage! Bakuli zao ni zile za bati nyeupe zenye ua jekundu lililochorwa chini kabisa, zamani ua ulikuwa unalikuta ukishamaliza kula na kupangusa na mkate, sasa hivi bakuli likiwekwa mezani unaliona ua toka hujagusa kijiko, petali zote tano, na maharage machache yanazunguka juu yake. Kuku wa ndani wapo kama kawaida.

Kuna mzee mmoja mstaafu wa reli anakaa kwenye benchi la mwisho kila mchana na redio yake. Siku ile nimetoka kaunta nimekaa karibu nae nikamsimulia habari ya kijidaftari cha bluu, akacheka sana afu akasema "binti, sisi vita tumeiona na tuliambiwa kabisa." Anaongelea Kagera. Novemba 2, 1978 Nyerere alisimama akasema sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, na watu wakachanga, ng'ombe, nafaka, hela, mabasi na malori yakaenda mbele. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Gharama inatajwa kuwa kama dola milioni 500, kwa nchi maskini kama yetu ile, afu Mwalimu akawaambia wananchi wazi wazi wafunge mikanda miezi 18.

Mzee kafika hapo nikamkatiza, nikamwambia babu miezi 18 ilikuwa mingapi mwisho wake? Akanyamaza kidogo. Maana wote tunajua, bei ya mafuta ilipanda 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, mikanda ile ilifungwa mpaka katikati ya miaka ya 80, sabuni na sukari kwa foleni, 1983 Sokoine akaanza kukamata walanguzi, 1986 Mwinyi akasaini na IMF. "Ndio," akasema, "tuliteseka, ila hakuna tajiri aliyepewa zawadi siku tunatangaziwa vita." Sikuwa na jibu.

Na hata Wamarekani wenyewe hawakuwa hivyo zamani. Lincoln alipokuwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe ndio nchi ile ikapata kodi ya kwanza ya mapato, 1861. Vita ya pili ya dunia kiwango cha juu cha kodi kilifika asilimia 94. Vita ya Korea Truman akapandisha kodi. Vietnam, Johnson alivuta miguu sana lakini 1968 akaweka nyongeza ya asilimia 10 juu ya kodi ya mapato na mwaka wa fedha 1969 bajeti ikafunga na ziada ndogo. Vita ilikuwa inauma mfukoni, na kitu kinachouma mfukoni watu wanauliza kinaisha lini. Iraq haikuuma mfukoni mwa mpiga kura wa kawaida, ilienda kwenye deni, kwa hiyo nani aulize? Hili kwangu ndio kosa kubwa kuliko hata nakisi yenyewe.

Mzee nae kwa kuwa kaona nimetaja vita vya zamani akanipeleka mbali zaidi, akanikumbusha kwamba hapa hapa Tabora Wajerumani walipoishiwa hela kwenye vita ya kwanza, meli za Waingereza zimeziba bahari, walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu za rupia 15 kwenye vifaa vya karakana ya reli mwaka 1916, zina picha ya tembo, na heller, ndio senti zao, za shaba ya njano na shaba nyekundu toka maganda ya risasi na mizinga. Leo wakusanyaji Ulaya wanazigombania hizo. Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916 na sarafu zikabaki. Kwao Ujerumani hali ilikuwa mbaya zaidi, waziri wa hazina Karl Helfferich mwaka 1915 alikataa kubebesha watu kodi nzito za vita, akakopa kwa hati fungani akiamini adui akishindwa ndie atakaelipa. Adui hakushindwa. Novemba 1923 dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2. Huyo ndie mfalme wa vijidaftari vya bluu.

Mtasema hii ni ripoti ya mgahawa au kikao cha bajeti. Ile tivii ya vita ndio ilinichokoza, inawashwa kutwa, sauti juu, na ndani yake Julai 2025 tuliona Trump anasaini sheria yake tarehe 4, mapunguzo ya kodi yanaendelezwa, jeshi linaongezewa, na upande wa pili wanapunguza hela za Medicaid, bima ya afya ya wasiojiweza, na msaada wa chakula. Ofisi yao ile ile ya bajeti ikakadiria itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 ndani ya miaka 10. Hii ni nchi ambayo mwaka wa fedha 2024 riba ya deni peke yake ilipita matumizi ya jeshi. Nikaangalia bakuli langu, ua lote linaonekana.

Na tusijifanye haituhusu kwa kuwa tuko Tabora. Tumbaku yetu inauzwa nje kwa dola. Riba Marekani zilipopanda 2022 na 2023 dola ikaadimika nchini mpaka waagizaji wa pembejeo wakawa wanaomba, na mkulima wa Urambo anayesubiri mbolea hajui kabisa nani kakopa nini Washington ila msimu unamchelewa. USAID ikafungwa Julai 2025, miradi ya afya huku mikoani ikasimama au kupungua. Sisi kwenye huo mgahawa mkubwa hatuko hata kwenye benchi, tumesimama getini.

Haya, ushauri wangu kwa mama nilimpa mbele ya mzee, kwa heshima zote. Rudisha bei ya ndani iwe 8,000, kesho, hakuna atakaetoka. Jenereta zima siku umeme upo. Kijidaftari kibandike ndani ya daftari kubwa uone mwenyewe rangi ya hesabu. Mpwa wako mrudishe kaunta. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanifutia meza, akasema "nimekusikia mwanangu, ngoja tu masoko ya tumbaku yafunguliwe, wale wa makampuni wakija wote itajilipa." Kijana wa ng'ambo, kwa taarifa yenu, hana hata wateja wengi, anauza chipsi jioni kwa wanafunzi, ukimuuliza anasema anampenda mama sana na hajui kama kuna vita.

Kwa hiyo mkienda. Kaeni nje chini ya mwembe maana upepo ni mzuri na ndani sauti ya tivii itawapasua kichwa. Agizeni wali na kisamvu, acheni maharage mpaka nitakapowaambia tena. Michembe ni asubuhi tu, kabla ya saa tatu inaisha, hasa siku treni ya Kigoma imeingia. Kuku ukimtaka sema mapema, anachukua kama nusu saa. Lipeni kwa simu au mbebe chenji ndogo, binti hana. Choo kisafi, kiko nyuma, ufunguo uko kaunta. Chupa ya maji nunueni duka la jirani jero, pale kwa mama ni mia nane.